Ya Nyuma Unitosheye, ya Mbele Uniachiye

Kila asubuhi, kabla sijafungua sanduku la spana, mdogo wangu ananiuliza swali lilelile. Anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu pembeni mwa karakana yangu, hapa nyuma ya stesheni ya Kamina, chini ya bati nililolipigilia mwenyewe asichomwe na jua. Ananiuliza: "Yaya, ilikuwa mashini ao ilikuwa mikono yangu?" Na mimi, yaya wake, kaka mkubwa, fundi mzima wa pikipiki, nimemjibu hivyohivyo miaka miwili: "Ni mashini, ndugu. Ilikukataa." Anaitikia kwa kichwa, anatulia, tunaanza kazi.

Nilikuwa namdanganya.

Nianzie kwa baba, maana ujinga huu sikuuokota barabarani. Baba alikuwa dereva wa treni. Kwenye kabini ya treni yake kulikuwa na pedali ambayo dereva alipaswa kuikandamiza kwa mguu bila kuiachia njia nzima mpaka Luena. Asipofanya hivyo kengele inalia, na akiendelea kunyamaza treni inajifungia breki yenyewe. Iliwekwa ili ijue kama dereva amelala au amekufa. Baba aliiona kama tusi. Alichonga kipande cha mti akakipachika pale kwenye pedali, na kengele akaifunga kitambaa ili isimpigie kelele kipande kikiteleza. Akirudi nyumbani anatusimulia huku anacheka: "Ile chuma njo itanifundisha miye kutolala?" Na sisi tunacheka mpaka machozi. Hakupata ajali hata moja mpaka anastaafu, na hilo ndilo lililotuharibu sisi watoto wake.

Tulikua tukidharau kila mashine inayomchunga mwendeshaji wake. Mdogo wangu nilimfundisha mimi, kwenye mchanga wa njia ya Luena, juu ya pikipiki kuukuu iliyokuwa na breki za kubahatisha. Nilimfundisha kufagia. Ndivyo tunavyosema hapa Kamina: unafika kwenye kona kwa kasi, unakanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu linakufa, halizunguki tena, mkia wa pikipiki unafagia barabara, na ukiachia unajikuta tayari unatazama upande unaokwenda. Ya mbele, nilimwambia, unaishika kwa vidole viwili, kidogokidogo, kama unaomba ruhusa, maana gurudumu la mbele likifa linakuangusha. Alijua kufagia kuliko mimi baada ya msimu mmoja tu. Nilijivuna kwa ajili yake mbele ya watu, na moyoni nilijivuna zaidi kwa ajili yangu.

Motari wa mji wetu, wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, wana mashindano yao. Wanaondokea kwenye kivuko cha reli, wanashika njia ya udongo mpaka kwenye msalaba wa misheni ya zamani, wanageuka, na wanamalizia kwenye kile kipande cha lami kinachoingia sokoni. Miaka miwili iliyopita mfanyabiashara mmoja wa hapa sokoni, mtu wa asili ya Maniema, Mwislamu mpole anayeuza vipuri, alileta pikipiki mpya kutoka Lubumbashi. Ilikuwa na breki za elektroniki. Ukishika kwa nguvu, kifaa kinahisi gurudumu linataka kufa, kinaachia na kushika tena chenyewe, haraka kuliko kidole cha mtu. Alimpa mdogo wangu ashindane nayo na kumwambia: ukishinda, hii njo itakuwa moto yako, pikipiki yako ya kazi. Mdogo wangu alikuwa na mke na mtoto mchanga, na pikipiki aliyokuwa akiitumia kubebea abiria ilikuwa inakufa kila wiki. Hakulala kwa furaha.

Aliijaribu siku kumi na nne. Kwenye udongo ilimuudhi, maana ya nyuma ilikataa kufagia. Anakanyaga, na gurudumu linaendelea kuzunguka kana kwamba hakusema kitu, kona inampita. Lakini kwenye lami alirudi kwangu macho yakimng'aa. "Yaya, angalia! Nakamata yote, yote, na inasimama wima!" Akanionyesha: mkono mzima juu ya breki ya mbele, vidole vyote vinne, kwa nguvu zake zote, na pikipiki ikasimama imenyooka kama imewekwa.

Nilisikia wivu. Naam, niseme tu. Miaka yote ile ya kumfundisha vidole viwili, na sasa kifaa kimekuja kumfundisha mkono mzima. Nikamwambia: "Aka! Hiyo ni breki ya bapadri, ya watu wa kuogopa." Akacheka, hakukasirika. Yeye hakuwa na kiburi changu. Alikuwa ameshafikiri, na siku ya mwisho kabla ya mashindano akaniletea pikipiki na kuniomba kitu kimoja, kwa heshima, kama mdogo anavyomwomba mkubwa: "Yaya, ya nyuma unitosheye. Ya mbele uniachiye."

Kutosha kwetu ni kutoa. Alitaka nitoe akili ya breki ya nyuma ili afagie kwenye kona, nimwachie ya mbele kwa ajili ya lami. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili kunishinda. Kuna pikipiki zenye kitufe cha kufanya hivyo. Ile haikuwa nacho.

Nikafungua kiti, nikafuata nyaya, nikapotea. Sikuwahi kufungua mashine ya namna ile. Nikakuta fyuzi moja tu, ndogo kama ukucha, inayolisha breki zote mbili. Ukiitoa, zote mbili zinakuwa breki za kawaida, na kwenye dashibodi inawaka taa ya rangi ya chungwa kukuonya. Kuzitenganisha nilishindwa. Basi si ningesema? Neno lenyewe ni moja, mtoto wa shule analisema kila siku: sijui. Lakini motari watatu walikuwa wamekaa pale karakana wakinitazama, na mimi ni fundi, mtoto wa dereva wa treni. Nikaitoa ile fyuzi nikaitia mfukoni. Walipoondoka, nikakata kipande cha ule ukanda mweusi wa kufungia nyaya, nikakibandika juu ya taa. Ukitazama huoni kitu, ni nyeusi juu ya nyeusi.

Nikajiambia: mikono yake inatosha. Nilimfundisha mimi.

Asubuhi yake akanikuta nafuta mafuta mikononi. "Iko tayari, yaya?" Nikamjibu, "Tayari. Ya nyuma imetoka, ya mbele iko." Akawasha, akainama kutazama dashibodi, akaona haiwaki taa. Akanipiga begani kwa furaha akaenda.

Alifagia siku ile, jamani. Walioketi kwenye msalaba wa misheni wanasimulia mpaka leo jinsi alivyougeuza ule mkia katika mchanga, vumbi likapanda, na alipotoka humo alikuwa peke yake mbele. Mimi nilikuwa nimesimama mwisho, kwenye lami. Nilimwona anaingia, wa pili haonekani hata kwa mbali. Malori yalikuwa yameburuta udongo mwekundu juu ya lami ile, umetanda kila mahali. Na mama mmoja anayesukuma kinga, baiskeli yake, yenye magunia ya makala ya kupikia, akidhani pikipiki zimekwisha kupita, akaingia barabarani.

Niliuona mkono wa mdogo wangu. Watu wengine waliona pikipiki, mimi niliona mkono. Hakushika kwa vidole viwili. Alikamata yote, mkono mzima, bila woga hata kidogo, kwa sababu siku kumi na nne mashine ilikuwa imemwambia kamata na mimi kaka yake nilikuwa nimemwambia ya mbele iko. Gurudumu likafa palepale. Yule mama hakuguswa. Mdogo wangu alipigwa chini akaburutwa mpaka kwenye ukingo wa mfereji, kofia yake ngumu ikapasuka, na mgongo ukavunjika mahali ambapo hauungiki.

Nilikimbia. Na kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, sikumshika yeye. Niliinama kwenye pikipiki nikazima ufunguo, kwa sababu chini ya ule ukanda taa ilikuwa bado inawaka na niliogopa mtu angeona. Ndipo nikamgeukia.

Watu hawakuhitaji kuambiwa. Kabla hatujamfikisha hospitali mji mzima ulikuwa unasema: mashini imemukataa, elektroniki imemuangusha, angekuwa na moto ya kawaida angepona. Kesho yake niliirudisha fyuzi mahali pake, nikabandua ukanda, nikamrudishia mfanyabiashara pikipiki yake. Alilia mbele yangu mtu mzima yule. Aliiondoa mjini kabisa. Na mpaka leo, kila Ijumaa akitoka kuswali, anapita hapa na mkate na sukari, anamwomba mdogo wangu msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Mimi napokea ule mkate. Namwambia aksanti, mzee.

Mdogo wangu hakumbuki mashindano. Yamefutika yote, msalaba, mchanga, yule mama. Kimebaki kitu kimoja tu, na huwa anakirudia: "Nakumbuka niliangalia taa. Haikuwaka."

Tangu siku ile motari walianza kuja. Toa, fundi, toa kile kitu kilichomuua ndugu yako, wanasema, na yeye yuko hai amekaa pale anawasikiliza. Nilitoa. Sijui pikipiki ngapi zinatembea Kamina leo na mpaka njia ya Kabongo bila breki ile, kwa mkono wangu. Walibishana hapahapa karakana, mikono au mashine, mashine au mikono, na wote walikuwa upande wa mikono, na mfano wao ulikuwa mdogo wangu. Nami nilikuwa nafunga nati.

Juzi akaja motari mmoja, baba wa watoto watano, na pikipiki kama ile, rangi ileile. Nilichukua spana lakini sikugusa kiti. Mdogo wangu akaona nasita. Akasogeza kiti chake, akaniambia kwa upole: "Umutosheye, yaya. Utoshe zote. Isimufanye sawa na miye."

Nikaiweka spana chini. Nikasema, "Siitoi."

"Juu ya nini? Kwa nini usitoe?"

"Juu kwenye moto yako breki ile haikuwamo."

Hakuelewa. Nikamweleza yote mbele ya yule motari, bila kupumua: fyuzi moja, aibu yangu, sikujua kuzitenganisha, ukanda mweusi. Mashini haikukukataa, nikamwambia, ilikuwa imelala. Na mikono yako haikukosa, ilifanya kile nilichokwambia kipo. Nililia. Nilitaka anitukane, anitemee mate, chochote.

Alitazama vidole vyake. Vilikuwa vimejikunja vyenyewe, vyote vinne, kama vimeshika kitu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Basi taa ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Na weye ukaifunika."

"Niliifunika."

Akageuza kiti chake akamtazama yule motari, ambaye alikuwa bado amesimama pale na ufunguo mkononi, hajui aondoke au abaki.

"Enda nayo, papa," akamwambia. "Fundi haiko hapa."