Daktari wa Jezi ya Kijani

Binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, alishikwa na homa asubuhi mapema. Baba yake alikuwa Bukama kununua samaki. Nilitaka kumfunga mgongoni na kukimbia hospitali vile nilivyokuwa, na kitenge cha kulalia. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Utaenda hivyo? Kule banaangaliaka nguo mbele ya kuangalia ugonjwa!"

Hapa mjini Kamina kila mama anajua hivyo. Ukifika na nguo ya shamba, utaachwa kwenye benchi. Basi akatia makaa katika pasi, akanyoosha kitenge changu cha kanisani, na mimi nikamwogesha mtoto na kumpaka mafuta. Ngozi yake ilikuwa moto kuliko maji.

Hospitalini tulikaa tukingoja, safi kama siku ya misa. Akapita kijana mwenye jezi ya kijani ya mpira na kandambili. Aliinama, akaweka mkono kwenye paji la mtoto wangu.

"Katoto iko na nini?"

Nilimvuta mtoto kifuani. Mimi ni mwenye haya, na yule nilimdhania ndugu wa mgonjwa fulani. Mama mkwe akajibu.

"Weye kijana, toa mukono! Tunangojea munganga."

Akacheka. "Bon, nkambo, mungojee," akasema, kama mtu anayemjibu bibi yake.

Akaenda zake. Mpaka leo kile kicheko sijakisahau.

Tuliendelea kungoja koti jeupe. Likaja. Mama mkwe alisimama, akainamisha kichwa, akasema, "Docteur, tusaidie." Mwenye koti alikuwa na sufuria mikononi. Alikuwa mpishi wa uji.

Hapo macho ya mtoto yakageuka juu, mikono ikaanza kutetemeka. Nilipiga yowe, mimi ambaye hata kanisani siimbi kwa sauti. Jezi ya kijani ikaja mbio. Alimchukua mikononi mwangu, akaagiza sindano, na muuguzi akamjibu, "Ndiyo, docteur."

Mtoto alipotulia, mama mkwe alianza kumshukuru, ameshika mikono yake miwili. Mimi sikushukuru.

"Juu ya nini haukusema weye njo munganga?"

"Batoto banaogopaka bluzi, koti ya banganga, mama. Bakiona nguo mweupe, banalia."

"Alie! Kulia haiue mutoto. Miye njo namupeana. Nilipashwa kujua ninamupeana kwa nani."

Alitazama kandambili zake. Mama mkwe akanivuta kitenge ninyamaze, kile kitenge alichonyoosha huku homa ikipanda. Tulikuwa tumevaa kwa ajili ya macho ya mtu huyu, tukapoteza asubuhi nzima. Yeye alitoka kwake amevaa kama anaenda uwanjani, kisha akatucheka kwa kutomjua.

Kesho yake, tukiwa bado wodini, daktari akaja na koti jeupe, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kola ya kijani ilichungulia juu yake. Binti yangu alipomwona akalia kwa nguvu ambazo jana hakuwa nazo, akanishika nywele.

"Unaona, mama?" daktari akasema.

"Ninaona."

Hasira ilikuwa bado hapo. Nilitoa vidole vya binti yangu kwenye nywele zangu, kimoja kimoja, nikampa daktari mtoto vilevile akilia.