Kiti Changu na Tawi la Kima

Mpaka leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mlalo. Wiki iliyopita mtafiti wa kima, binti kutoka Tanga, alituita ukumbini atuonyeshe aliyoyaona msituni. Katika video yake kima mdogo alikuwa amekaa tawini. Mkubwa alipotokea, mdogo akaruka pembeni kumpisha, meno nje. Binti akaisimamisha picha hapo.

"Ubongo wake umetambua mkubwa ni nani kabla hajafikiri," akasema. "Wetu sisi binadamu pia hufanya hivyo."

Nikasimama. "Binti, unatufananisha na wezi wa mahindi yetu? Sisi tuna adabu ya kufundishwa. Mtu hatoki kitini bila kufikiri."

"Samahani, mwalimu," akajibu kwa upole.

Nikaketi kwa kishindo. Mara akaingia diwani, mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemchapa sana kwa uvivu. Hata kabla hajaniamkia, nilikuwa pembeni nakifuta kiti changu kwa leso, nimekenua.

"Karibu, mheshimiwa."

Kwenye picha ukutani, kima mdogo alikuwa bado amekenua, na watu wakawa wanatutazama kwa zamu, yeye na mimi.