Libaya ya Harusi na Njaa Yangu

Mucheke tu. Harusi ya mudogo wangu ilikaribia, na fundi alikata libaya yangu, blauzi ya kuvaa siku hiyo, kwa kipimo kidogo, kwa sababu nilimuapia nitapungua.

Muuguzi wa hapa kwetu Ruashi aliniambia: "Mama, kula kidogo kidogo, mara nyingi."

Yaya Odile, dada mukubwa wa kikundi chetu cha sala, akasema: "Hapana, funga mpaka jioni."

Huyu kula, yule usile! Kichwa kikanizunguka, nikafuata wote wawili. Muchana sikugusa kitu. Jioni nilianza vile vidogo vyote vya siku: ugali wetu wa bukari kidogo, mboga ya sombe kidogo, tena bukari kidogo, mpaka usingizi.

Siku ya kujaribu libaya, mbele ya bakwe, wakwe zetu wapya, fundi alivuta zipu, ikapasuka.

Yaya Odile akashika kichwa: "Njaa gani hii inanenepesha muntu?"