Sabufa Iligoma Kuwaka, Mwanangu Akafukuzwa Nyumbani

Admin, ukiiweka hii futa jina langu na picha, maana huku kwetu Mpepai hata wifi zangu wanausoma ukurasa huu. Na wewe unayesoma huku unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, mkulima wa kahawa na mahindi. Nilikuja kwenye ndoa na binti yangu niliyemzaa kabla, sasa yuko darasa la tatu. Mume wangu alimpokea vizuri, akasema kwake hakuna mtoto wa kambo. Tunaishi na baba mkwe, mzee mwenye heshima zake, anatembelea magongo na anatumia ugoro. Aliyewahi kuishi na mtu wa ugoro anayajua yale mate. Mzee alikuwa na kopo lake chini ya kiti. Kwenye ukoo huu mke wa mtoto hagusi kopo wala kitanda cha baba mkwe, ni aibu kubwa, kwa hiyo kulimwaga ilikuwa kazi ya mume wangu. Kila asubuhi analalamika kinyaa, kinyaa, mpaka siku moja akalitumbukiza chooni na kumwambia baba yake akitaka kutema atoke nje. Mtu wa magongo, jamani, na mvua za huku mnazijua.

Baada ya kuuza kahawa mume akanunua sabufa, ile kubwa yenye tundu la duara ubavuni la kutolea besi. Akaiweka sebuleni, kando ya kiti cha mzee. Majirani wakaja kusikiliza, tukajiona na sisi tumo. Haukupita muda sebule ikaanza kunuka. Nikadhani panya kafia nyuma ya kabati, nikapiga deki mpaka mikono ikachubuka. Halafu asubuhi moja sabufa ikagoma. Taa nyekundu inawaka, ukibonyeza haigeuki kijani, imekwama tu stendbai. Tukabadilisha betri za rimoti, tukachomoa waya tukaiacha ipumzike, tukaihamishia soketi ya chumbani, mume akasema labda umeme ni mdogo. Wapi! Taa ni ile ile nyekundu.

Hapo akamgeukia mwanangu. Akasema ni yeye anayechezea vitufe tukiwa shamba. Mtoto akaapa hajaigusa. Akachapwa, akaapa tena, akachapwa tena, mwisho akakubali ili fimbo ziishe. Kesho yake akapandishwa basi la Mbamba Bay kwa mama yangu, na sasa anaamka kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kabla ya kwenda shule. Mume alisema mtoto asiye damu yake hawezi kumharibia vitu vyake. Baba mkwe alikuwa pale pale kwenye kiti, anaangalia ukuta.

Nikaona hapana. Mume alipoenda Kitai kwa shughuli zake, nikaipakia sabufa kwenye bodaboda mpaka kwa fundi Mbinga mjini. Alipofungua lile boksi wote wawili tulirudi nyuma. Ndani kulikuwa na uji mweusi wa ugoro na mate, umegandia kwenye sakiti, mende wamezaliana humo, wengine wamenasa na bado wanachezesha miguu. Fundi akaniuliza kama nyumbani kuna mtu anatema ndani ya spika. Nilitoka nikatapika mtaroni mbele za watu. Ugoro ule naujua, naufagia kila siku.

Jioni nikamwambia mume chumbani, kwa sauti ya chini ili mzee asisikie. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Nilimwona akitema humo kitambo, kabla haijagoma."

Nikamuuliza sasa kwa nini ulimpiga mtoto. Akajibu huku anavua viatu, "Ulitaka nimwaibishe baba yangu kwa majirani? Yule ni mtoto, atasahau."

Ndugu zangu, yale ya kwa fundi niliyatapika yakaisha. Haya hayatoki. Mzee nina hasira naye, alikaa kimya mtoto akifungiwa begi, lakini angalau najua alinyang'anywa kopo akakosa pa kutemea. Huyu mwanaume ndiye ananitia kichefuchefu. Nikimwona anamega ugali na ile mikono iliyoshika fimbo, chakula kinanishinda. Akinigusa natamani kwenda kuoga. Na kwenye jumuiya ndiye anayeongoza rozari, sauti juu kuliko wote.

Nilipotaka mtoto arudishwe akasema akirudi watu watauliza nani basi aliharibu. Akaongeza kwamba nikithubutu kumtaja baba yake kwenye kikao cha ukoo, nifungashe na mimi. Dada yangu anasema nivumilie, ndoa ya kanisani haivunjwi kwa sababu ya mate. Mama yangu hajui lolote, anaamini mjukuu wake ni mtundu, mpaka karedio kake kadogo anakafungia kabatini ili asikaguse.

Sabufa ilisafishwa, inapiga, na mzee nimemnunulia kopo jipya mimi mwenyewe, mila zao wajue wao. Jana mwanangu alinipigia kwa simu ya bibi yake, akauliza kama redio imepona. Nikamwambia imepona. Akasema, "Basi mwambie baba nimekoma, sitaigusa tena, nirudi."

Hajawahi kuigusa. Niseme ukweli mbele ya ukoo wote na nifukuzwe, au nifungashe kimya kimya nimfuate Mbamba Bay? Nishaurini jamani, ila neno la kuvumilia nimeshalisikia, msiniandikie. Mtoto atapiga tena Jumapili. Nimjibu nini?