Manyoya ya Mbuzi Juu ya Nyani Wangu

Kichwa changu kinakataa kabisa. Tulimzika Owor Jumamosi kwao Mwello, nikatupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe, na jana asubuhi bado nilikuwa natazama mlangoni nikisubiri avuke mpaka aje kazini.

Kwa mliojiunga juzi: Owor na mimi tulitengeneza sanamu za mashujaa, action figures, za urefu wa shubiri moja, kwenye chumba cha nyuma cha duka langu la fotokopi hapa Busia, upande wa Kenya. Yeye alitoka Uganda kila siku, miaka minne. Homa ya siku tano imemchukua.

Alikuwa haanzi na salamu. Anaingia, anaikagua kazi yangu ya jana, anasema kwa Kiswahili cha kwao, "Nekesa, huyu nyani nataka kinyozi." Ndipo anauliza habari za nyumbani.

Msimamo wetu mnaujua. Manyoya yachongwe. Unachukua udongo ukiwa bado mbichi na sindano ya kushonea magunia, unachora unywele mmoja mmoja kabla haujakauka ukawa jiwe. Wengine hubandika manyoya ya kweli, ya mbuzi au ya sungura. Tuliwacheka. Shujaa unaweza kumpunguza akaenea kiganjani, lakini unywele wa mbuzi haupungui, na juu ya mwili mdogo vile unaonekana kama kamba ya katani.

Owor ndiye aliyeandika, kwenye ukurasa huu huu, kwamba manyoya ya kubandika ni blanketi la fundi aliyechoka. Mlimshangilia. Mimi nilimwamini kuliko ninyi nyote.

Yule nyani mpiganaji alinichukua miezi minane. Mabega peke yake niliyachonga mara tatu. Nikichonga, Owor alinishikia kioo cha kukuzia, akizuia hata pumzi yake.

Maonyesho ya Tororo yalipofika mama yangu alikuwa amelazwa, sikuweza kwenda. Nikamfunga nyani kwenye pamba, nikampa Owor. Nilimwomba asimshike mabegani, maana nywele za pale ni nyembamba sana. Akaitika mara mbili, kama mtu anayepokea mtoto.

Jioni alituma sauti kwamba watu wamempenda mno. Nilipoomba picha, simu yake ilikuwa imezima. Kesho yake akasema waandalizi wamebaki naye kwa display ya mwezi mzima. Sikuuliza zaidi. Rafiki yako wa miaka minne unamuuliza nini zaidi?

Baada ya mazishi dada yake, Akoth, aliniita kwenye chumba cha marehemu. Alinipa sweta ya Owor iliyoviringishwa, na ndani yake nyani wangu, pamoja na cheti cha nafasi ya kwanza. Jina kwenye cheti lilikuwa langu peke yangu.

Nyani alikuwa amevaa mbuzi.

Manyoya ya kijivu toka kichwani hadi viwikoni, yamebandikwa kwa unadhifu, yamechanwa, yamepunguzwa kwa mkasi. Kazi ya mtu aliyetulia.

Akoth aliniona usoni, akaeleza kwa sauti ya chini. "Alisema yako ni nzuri, lakini watu wa maonyesho napita haraka. Alitaka wasimame. Walisimama kweli, dada, kila mtu alitaka kushika."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Alikuwa natafuta siku nzuri."

Mama yao akachungulia, akauliza kama nimepewa kitu changu. Nikamwambia nimepewa, asante mama. Akafurahi. Ni mara ya kwanza kumwona akifurahi wiki ile.

Njiani kurudi nilijipa moyo. Gundi ile hulainika kwa maji ya uvuguvugu. Chini ya mbuzi, nyani wangu bado yupo, nikasema, nitamtoa polepole.

Jumanne asubuhi nikachukua kibano, nikainua pembe moja ya manyoya kwenye bega la kushoto.

Palikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Nilipaswa kujua. Gundi haishiki vizuri juu ya mabonde ya sindano, inataka pawe tambarare. Kwa hiyo Owor alipiga msasa. Alianza na ule mkali akamalizia na ule laini, maana hakuacha hata mkwaruzo mmoja. Nikainua bega la kulia. Nikainua shingo. Hakuna unywele uliobaki.

Hiyo si kazi ya hasira ya dakika moja. Inataka siku nzima, nyani wangu mapajani, ukifuta mstari baada ya mstari ambao uliniona nikiuchora. Owor, hukufika mahali mkono ukakataa?

Sasa mtu ameweka picha ya maonyesho na inbox yangu imejaa pongezi zenu. Naomba mziache. Kilichoshinda si changu. Nimewaandikia waandalizi wafute jina langu kwenye cheti waandike la Owor, kwa sababu manyoya yale ni yake, na ni mazuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ni mazuri.

Owor, ulinipa ushindi ambao sikuuomba, kwa kunifutia kile nilichokuwa nacho. Na ukaona unanisaidia.

Ungekuwa hai ningekununia wiki mbili. Ungekaa kwenye stuli yako ukila chapati yangu bila ruhusa, ungesema upuuzi fulani, na mimi ningecheka kabla sijawa tayari kukusamehe. Sasa nimenuna na aliyejua kunichekesha yuko chini ya udongo wa Mwello.

Lala, rafiki yangu. Lala, Owor. Mimi sijamaliza na wewe.