Pumzi za Banyani

Miaka ile nilikuwa nikishona kanzu barazani kwa Banyani muuza nguo, pale Bagamoyo, misafara ya pembe ikitupita mbele kutwa. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, alikaa mkekani kakunja miguu, akaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, akavuta pumzi polepole kwa tundu la pili. Kisha akabadili. Nilimcheka sana. Nilimwuliza kama matundu yake yamegombana hata yasiweze kufanya kazi pamoja.

"Kwetu twaita yoga," akasema, wala hakuudhika. "Baba yangu alikuwa na kifua kibovu. Hii ndiyo iliyomtuliza."

Hapo nikaacha kucheka, maana mke wangu alikuwa na pumu. Ikimshika hukaa kitako kitandani, kashika magoti, akivuta hewa kwa mluzi, nami nasimama kama gogo. Basi nikajifunza: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya nane, maji ya moto yenye tangawizi alfajiri, na moshi usimkaribie. Nikamfundisha mke wangu chumbani, mlango umefungwa, nikamkataza kumwambia mtu. Mtaani wangesema nimemwingiza katika ibada ya Kibanyani, nami niliogopa maneno ya watu kuliko ugonjwa wenyewe.

Ikamfaa. Kwa miezi kadhaa pumu ilikuja ikaondoka bila kumwangusha. Nilijivuna, Mungu anisamehe, kana kwamba dawa ni yangu.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Saadani kukaa nasi. Siku ya tatu pumu ikamshika binti yake mchana, mimi niko kazini. Mama akamkuta mwanawe kafumba macho, kaziba pua, akiitwa haitiki. Ni kweli hakuweza kuitika, alikuwa akihesabu. Mama akakata shauri papo hapo kwamba ni pepo, tena pepo wa Kibanyani.

Nilipofika nyumbani, mganga wa kike yumo ndani, wanawake wamejaa, harufu ya ubani inatoka mpaka uani. Walikuwa wamemfunika mke wangu shuka gubigubi, na chetezo kinafuka humo humo. Nami siwezi kuingia. Mtu haingii chumba alichomo mkwewe.

"Mama," nikaita mlangoni, "uondoeni moshi, nakuombeni! Si pepo huyo. Ni mimi niliyemfundisha kuvuta pumzi vile. Nimejifunza kwa Banyani wa dukani."

"Umejifunza nini, baba?"

Nikasogeza pazia kidogo, nikainamisha macho, nikaziba pua, nikavuta, ili aone kwamba ni jambo la kawaida tu.

Mama mkwe akapiga ukemi. "Maskini mwanangu! Na mumewe kashikwa!" Akamwambia mganga aongeze ubani.

Mluzi ukazidi chini ya shuka, kisha mke wangu akaanguka ubavu, hana fahamu. Wanawake wakapiga vigelegele. Pepo kapanda, walisema.

Jioni alizinduka, nikaruhusiwa kumwona. Akanishika mkono.

"Bwana, nimemwapia mama. Sitafanya tena."

"Na kifua chako?"

"Ni radhi ya mama, bwana. Nifanyeje?"

Nilimkasirikia mkwe wangu, lakini hasira kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi nilificha dawa.

Mama hakurudi kwao. Kila pumu iliporudi, chetezo kilitangulia. Nami nilikaa nje ya mlango, nimekunja miguu, nimeziba pua, nikivuta kwa nne nikitoa kwa nane, kwa kuwa sikujua jingine la kufanya. Hata siku aliyokufa mke wangu, mvua za vuli zimeanza, nilikuwa pale pale. Pumzi ninazo tele kifuani, na kati yetu palikuwa na pazia tu.