Flashi Hairudi Tupu

Kwetu Zinga sahani hairudi tupu. Jirani akikuletea futari, sahani yake utaiosha na kuirudisha na chochote: embe, kipande cha muhogo, hata konzi ya chumvi. Ukiirudisha tupu utasemwa mpaka kaburini, na mimi ni mmoja wa wasemaji. Desturi nzuri, sikatai. Lakini haikutungwa kwa ajili ya flashi.

Mjukuu wangu wa kike ana duka la kuchapa na kutoa kopi pale barabarani. Nasema "mjukuu wangu" kwa sauti kubwa, tena makusudi. Mimi shule ilinishinda nikiwa mdogo. Yeye ana kompyuta yake na mashine ya kopi inayonguruma kama ng'ombe anayezaa. Mteja wake mkubwa ni shule ya jirani, mitihani yote inachapwa kwake. Shule ikiondoka, duka limekufa.

Dada yake alipoolewa, mjukuu alinitilia video ya arusi kwenye flashi nikawaringie wenzangu wa kikundi chetu cha wanawake. Nikawaringia. Flashi ikatembea nyumba hadi nyumba, na wenzangu, watu wa adabu zao, hakuna aliyeirudisha tupu. Huyu kaongeza kaswida, huyu picha za mwanawe, mwingine kaweka maelezo ya kupika keki ambayo yeye mwenyewe ikimshinda hulaumu oveni. Tungetazama tu kwenye runinga, yasingetukuta. Mdudu aliyekuja kutuingilia, kirusi cha kompyuta wanachokiita mnyoo, runinga haimfai. Lakini kuongeza kitu kunataka kompyuta. Kila nyumba ikatafuta kompyuta yake, na katika moja ya nyumba hizo mnyoo alikuwa amekaa anasubiri, kama mwanamume asiye na kazi.

Flashi iliporudi, mjukuu akaichomeka dukani. Amani ikaishia hapo.

"Bibi, mnyoo huyu anayaficha mafaili yako ya kweli," alinieleza baadaye, "halafu anaweka folda ya uongo inayofanana nayo, ina kimshale kidogo pembeni. Ukiibonyeza, vitu vyako vinafunguka kama kawaida, wala humshuku. Kumbe umemfungulia mlango. Flashi yoyote utakayochomeka baada ya hapo, anajinakili humo mwenyewe."

"Hasukumwi na mtu?"

"Hasukumwi. Na kompyuta zikiwa zimeunganishwa, anapita humo humo kwenye waya."

"Basi namjua. Nilikuwa na shemeji wa namna hiyo. Anakuja hajaalikwa, anajifanya mwenyeji, kisha analeta wenzake."

Mwalimu alikuja na flashi ya mitihani, akaondoka na mnyoo. Shuleni kompyuta zimeunganishwa zote. Haukupita muda mitihani imegeuka vimshale. Mwalimu mkuu akaja dukani amevimba, akanipita nilipokaa kwenye benchi kana kwamba mimi ni gunia la mkaa.

"Binti, duka lako linagawa maradhi. Usiposafisha wiki hii, tunahamia duka la Mapinga."

"Marahaba, mwalimu," nikamwitikia, ingawa hakuniamkia.

Ushauri ulimiminika. Mmoja alitaka tuifukizie ubani kompyuta. Mwingine alisema flashi ioshwe kwa ndimu. Fundi simu wa jirani alisema dawa ni kununua kompyuta mpya, na kwa bahati njema anayo moja ya kuuza.

Mjukuu hakuwasikiliza. Alichomoa waya wa intaneti, akaenda Bagamoyo mjini kwa shoga yake mwenye kompyuta salama, akachukua programu ya kuua virusi ya karibuni. Akaipitisha kwenye mashine kila pembe. Akafuta vimshale bila kuvibonyeza, akayafichua mafaili yaliyofichwa. Mitihani ilikuwemo, imejilalia tu. Akaizuia mashine isifungue kitu chenyewe flashi inapochomekwa. Shuleni akafanya vivyo hivyo, kwanza akitenganisha kompyuta moja moja.

Wapi! Mwenzangu mmoja wa kikundi akapeleka flashi yake shuleni, achapiwe barua ya mtoto. Mnyoo karudi.

"Bibi, nikisafisha hapa tu natwanga maji. Lazima nyumba zote zilizoipokea ile flashi."

Kuelewa hilo hakukuhitaji kwenda shule. Mtoto mmoja akiwa na chawa, wananyolewa wote siku hiyo hiyo. Nikajifunga kanga, nikapita mlango kwa mlango. Wote walitoa kompyuta zao, wanaona haya, isipokuwa jirani yangu wa geti jeusi.

"Shoga, hii mwanangu kanitumia kutoka Uarabuni. Haina uchafu."

"Na wewe umetoka Mlingotini kwenye upepo safi, mbona una mafua? Fungua folda ya arusi."

Akafungua. Kimshale hicho hapo, kimenona.

"Ah, hilo pambo tu."

"Pambo! Mjukuu wangu akifunga duka kwa ajili ya pambo lako, nitahamia hapa barazani, nile kwako mpaka nife. Na unajua ninavyokula."

Anajua. Akaivingirisha kompyuta kwenye kanga kama mtoto mchanga, akanipa.

Mjukuu akazisafisha zote kwa mkupuo, na flashi zote, kisha akarudia kompyuta za shule. Safari hii ikatulia. Mwalimu mkuu akaja na mitihani mipya. Mjukuu aliikagua flashi yake kwanza, mwalimu amesimama anangoja kama mgonjwa kwenye foleni.

"Shikamoo, bibi," akanigeukia.

"Marahaba. Kumbe unajua."

Jirani wa geti jeusi aliomba tena flashi ya arusi, aitazame kwenye runinga. Alipoileta aliiweka juu ya sahani ya vitumbua.

"Sikuongeza kitu, shoga. Arusi ni ile ile. Usije ukanisema."

Nikampa mjukuu aikague. Ilikuwa safi. Vitumbua ndivyo vilikuwa vibichi katikati, lakini sahani yake nimeirudisha na maembe.